Kuteremka Sabaki kwa chelezo kung'oa mathenge: twende au tusiende?

"Sisi ni vijana kumi na wawili wa Mikindani, Mombasa. Tumezoea kupanda mikoko na kuokota plastiki kwenye kriki ya Tudor. Juzi nimeona video ya vijana Marekani wakiteremka mto kwa maboti ya mpira siku kadhaa, wanasimama hapa na pale kukata miti ya kigeni iliyovamia kingo, na usiku wanalala kwenye mchanga kando ya maji. Sote tumevutiwa. Tunataka kufanya hivyo Mto Sabaki: tuanzie juu, tuje mpaka unapoingia baharini, tukate mathenge, ule mti wa kigeni wenye miiba. Kuna fundi atakayetuundia chelezo cha mapipa ya plastiki. Lakini mjomba wangu mwenye shamba huko ng'ambo ya Sabaki anasema tunajichosha bure, kwa sababu mwaka juzi tulimkatia mathenge wake wote na sasa umerudi mara tatu. Rafiki yetu naye anasema dawa ni kumwaga chumvi au dizeli juu ya kisiki. Twende au tusiende?"

Salaam kwako na kwa wenzako.

Nianze na mjomba, maana kati ya wote uliowataja yeye ndiye aliyelipia somo hili kwa shamba lake. Alichokiona ni kweli. Mathenge uliokatwa hurudi, na hurudi kwa hasira. Anapokosea ni kudhani kwamba kwa vile kukata kumeshindikana, basi hakuna jingine linalowezekana.

Siku mtakayokwenda kwake tena, bebeni sururu. Chagueni kisiki kimoja tu, mfukue taratibu kukizunguka mpaka mkono uzame hadi juu ya kifundo. Mtafika mahali shina linapoacha kuwa shina na kuanza kuwa mzizi. Ukipapapasa hapo kwa kidole utakuta vinundu, kama macho ya kipande cha muhogo kabla hakijapandwa. Hayo ni macho yaliyolala. Mti ukiwa mzima, sehemu ya juu huyazuia yasiamke. Mkishaukata kwa panga, kizuizi kimeondoka, na huku chini mizizi ina akiba yake ya chakula na imeshafika penye maji. Yanaamka kwa mkupuo. Palipokuwa na shina moja sasa kuna sita au manane, yote membamba, yote yana miiba, na mbuzi hapenyi. Mara tatu ya mjomba ni hesabu ya mtu mpole.

Habari njema ni kwamba macho hayo hayaendi mbali. Yako kwenye shingo ya mti, shubiri moja na kidogo kutoka juu ya udongo. Mkikata mzizi mkuu chini ya hapo, kwa usalama semeni sentimita 30, kilichobaki ardhini hakichipui, kinaoza. Kwa hiyo mwaka juzi mlifanya kazi yote ngumu, mkachomwa miiba yote, mkaacha ile shubiri. Sikulaumu. Karibu kila kikundi ninachokijua kilianza hivyo, na mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilisimamia watu wakakata siku tatu mfululizo, tukapiga picha na panga zetu mkononi, kisha mvua mbili baadaye mwenye shamba akanipigia simu kuniuliza kama nataka kuja kupiga picha nyingine.

Sasa rafiki yenu na chumvi yake. Hapa inabidi nikupe historia kidogo, na inatuhusu sisi wa Mombasa kuliko mtu mwingine yeyote. Mathenge ni mti wa Amerika. Kumbukumbu ya kwanza iliyoandikwa ya kuletwa kwake Kenya ni ya mwaka 1973, na mbegu zake, kutoka Brazil na Hawaii, hazikupelekwa Baringo wala Turkana. Zilikuja hapa Bamburi, Baobab Farm, kurudisha uhai kwenye machimbo ya mawe ambako udongo ulikuwa wa chumvi na karibu kila kitu kilikataa kumea. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndipo ulipopandwa Baringo, Tana River na kwingine kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa. Kwa hiyo mkimwaga chumvi juu ya kisiki, mnaupikia chakula unachokipenda. Mtaua nyasi, mtaua mwembe wa jirani, mathenge atabaki peke yake anawatazama.

Dizeli ni jambo tofauti, na sitaki kukudanganya: mafuta yakimwagwa vizuri kwenye shingo ya mti mdogo yanaweza kuuua. Ndiyo maana uvumi huo haufi. Lakini fikiria mnamwaga wapi. Maji mengi yanayokuja Mombasa kaskazini, Kilifi na Malindi hutoka visima vya Baricho, vilivyochimbwa kwenye mchanga wa ukingo wa Sabaki huohuo. Mtakuwa mnatia dizeli kwenye ndoo ya mama zenu. Oili chafu ya gereji ni mbaya zaidi.

Kuna dawa halali za kuua magugu ambazo hupakwa kwa brashi kwenye kisiki kibichi mara tu baada ya kukata, kabla mti haujaziba kidonda chake. Zinafanya kazi, na mahali pengine ndiyo njia pekee ya busara. Lakini kando ya mto hiyo si kazi ya kujitolea Jumamosi. Inataka mtu aliyefunzwa, dawa iliyosajiliwa na bodi ya viuatilifu, PCPB, na idhini ya wanaosimamia maji. Ukisikia mtu anawauzia dawa bila lebo kwenye chupa ya soda, ondokeni.

Tuje kwenye chelezo, ambacho naona ndicho hasa kilichokuvuta.

Video ya aina hiyo naielewa. Magharibi mwa Marekani, kwa mfano ndani ya Dinosaur National Monument, hifadhi iliyoko kati ya Colorado na Utah, watu wanaojitolea huteremka Mto Green na Mto Yampa kwa maboti ya mpira wakiondoa mimea vamizi. Adui wao mkubwa mmoja ni tamariski, mti mwingine wa kigeni, nao huchipua kutoka kisikini kama mathenge wetu. Kama video ilikuwa fupi, huenda hukuona kwamba hawaishii kukata. Hung'oa kwa mitaimbo yenye meno, au kisiki hupakwa dawa. Na hapa kuna kichekesho cha Mungu: huko huko kusini-magharibi mwa Marekani ndugu zake mathenge ni miti ya kienyeji, ipo kwao.

Lakini kwa nini wanatumia boti? Kwa sababu mito ile inapita kwenye makorongo marefu yenye kuta za mawe, hakuna barabara, hakuna kijiji, hakuna njia nyingine ya kumfikisha mtu na sururu yake kwenye mti. Boti ni gari lao. Wewe ukitaka kufika ukingo wa Sabaki, unapanda matatu mpaka Malindi, kilomita kama 120, kisha bodaboda, kisha unashuka njia ya ng'ombe. Mwenye shamba atakupokea na madafu. Chelezo hakikupeleki mahali miguu isipofika, ila kinakupeleka mahali miguu ilikatazwa kwa sababu.

Sababu ni mamba na viboko. Mto huu, ambao juu kabisa karibu na Nairobi unaitwa Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na kwetu Sabaki, unao wote wawili, na viboko wapo mpaka pale mlangoni unapokutana na bahari. Maji yake ni ya udongo mwekundu, huoni shubiri moja chini. Kiboko aliye kwenye maji ya kina huona chombo kinachomjia kama kinachomfukuza kwake, na huinuka kutoka chini. Boti la mpira au mapipa yaliyofungwa kwa kamba havitamsumbua hata kidogo. Kiangazi mto hupungua ukabaki na mikondo myembamba kati ya mafungu ya mchanga, na maji machache yaliyobaki ndiyo ambamo viboko na mamba wote wamejazana, nanyi mtakuwa mnashuka kila baada ya hatua chache kusukuma chelezo, miguu ndani ya maji. Masika ni kinyume: mto unafura, unabeba magogo, na fundo moja la mapipa likifunguka mmeachana kila mtu na pipa lake.

Kulala kwenye mchanga, kama walivyofanya kwenye video, ndiko kunakonitisha zaidi. Mchana fungu lile ni kitanda cha mamba, usiku ni njia ya kiboko kwenda malishoni. Ukiwa na hema lako katikati ya njia yake, yeye hazunguki. Kwa hiyo kwa Sabaki na kwa chelezo, jibu langu ni hapana, na ningemjibu hivyohivyo mwanangu wa kumzaa.

Mpango wenu ulikuwa na wazo moja zuri ambalo sitaki lipotee: kuanzia juu. Maganda ya mathenge huelea, mafuriko huyabeba, na ukisafisha chini huku juu kumejaa, masika ijayo unaletewa mbegu mlangoni. Shida ni kwamba "juu" ya Sabaki ni mamia ya kilomita, na sehemu yake iko ndani ya Tsavo Mashariki, ambako hamwingii na panga bila ruhusa ya Huduma ya Wanyamapori, KWS. Mto mzima hamtaumaliza. Na mbegu nazo hazingoji mto peke yake, maana mbuzi, ng'ombe na ngiri hula ganda tamu, mbegu inapita tumboni salama, inatoka imelainishwa na kufunikwa mbolea. Zile zisizoota mwaka huu hukaa udongoni miaka zikisubiri.

Mnachoweza ni kipande. Chagueni kimoja mnachoweza kurudi: kivuko, mahali kijiji kinaponyweshea mifugo, mdomo wa mfereji wa shamba. Kiwe kifupi mpaka mkione aibu kukitaja. Hesabu yangu ya mkono ni hii: mti wenye shina nene kama kifundo cha mguu huwachukua watu wawili dakika arobaini kuung'oa sawasawa, udongo ukiwa na unyevu. Kumi na wawili ni jozi sita, saa tano za kazi halisi kwa siku (jua la Malindi halikuruhusu zaidi), kwa hiyo miti arobaini na kitu. Siku tatu, mia na ishirini hivi. Kwenye kichaka kilichoshiba huo si uwanja wa mpira, ni kona yake. Lakini mia na ishirini iliyokufa kweli ni bora kuliko elfu mbili iliyopogolewa.

Kisha rudini. Baada ya vuli na baada ya masika, nendeni mkang'oe miche. Ikiwa bado na urefu wa kiganja na udongo umelowa, mtoto wa darasa la tatu anaitoa kwa vidole viwili. Ikipita goti mmeshachelewa, inataka sururu. Kikundi kisichoweza kuahidi safari hizo mbili kwa mwaka, kwa miaka kadhaa, afadhali kisianze, kwa sababu ardhi iliyochimbuliwa na kuachwa wazi ndiyo mbegu zinazoipenda.

Ukingo ukiwa wima, msichimbe. Mathenge ni adui, lakini mizizi yake imeshika udongo, na Sabaki tayari inamwaga matope mpaka ufuo wa Malindi unabadilika rangi na matumbawe yanazibwa. Mkiing'oa miti ya ukingoni kabla ya mvua, mvua itaondoka na ukingo, na pengine na njia ya mtu. Hapo iacheni, au mngoje mtaalamu wa dawa ya kisiki. Mnapong'oa pandeni kitu: mkuyu, mkindu, mkwaju, chochote cha kienyeji ambacho wenyeji wenyewe watakubali kukilinda dhidi ya mbuzi.

Na kabla ya mti wa kwanza, hakikisheni ni mathenge. Nimeona migunga mizuri ya kienyeji ikifyekwa kwa sababu tu ina miiba. Angalieni ganda: la mathenge ni la manjano likikomaa, nene, limenyooka au limepinda kidogo, tamu ukilionja, na halipasuki lenyewe. Maua yake ni mikia mirefu ya rangi ya manjano iliyofifia. Mgunga wenye ganda lililojikunja kama chemchemi ya kitanda, au maua ya mviringo kama vifungo, si wenu. Mkiwa na shaka, kateni tawi lenye ua na ganda, mlikaushe kati ya magazeti, mlipeleke kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI pale Gede, kabla hamjafika Malindi. Watawaambia pia kama eneo mnalolitaka lina mradi tayari, maana hakuna kinachoudhi wenyeji kama vikundi viwili kugombea kichaka kimoja.

Ruhusa zisiwachoshe, ila msiziruke. Chifu, mwenye ardhi, chama cha watumiaji maji wa eneo hilo, na KWS Malindi, ambao muwaombe askari mmoja atembee nanyi ukingoni siku ya kwanza. Yeye anajua kila njia ya kiboko. Mathenge ulitangazwa gugu hatari kisheria mwaka 2008, kwa hiyo hakuna atakayewazuia kwa sababu ya mti wenyewe. Mkitaka kugeuza magogo kuwa makaa, kuyasafirisha kuna kibali chake cha Huduma ya Misitu.

Miili yenu. Mwiba wa mathenge hupenya ndara kama siagi, na hupenya soli ya buti la mpira pia. Vaeni viatu vya ngozi vyenye soli ngumu, glavu za ngozi, miwani. Mchomwe sindano ya pepopunda kabla ya safari, si baada. Mwiba ukivunjikia ndani karibu na kiungo cha kidole au goti, au jicho likiguswa hata kidogo, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, msichokonoe kwa pini. Jeraha likivimba na kuwa la moto baada ya siku mbili, au homa ikianza, vilevile. Msioge kwenye madimbwi yaliyotulia pembeni mwa mto, yana kichocho, na mamba mwingine hupendelea dimbwi kuliko mkondo.

Je, fundi wenu amekosa kazi? Hapana. Chelezo kina mahali pake, na ni hapo Mikindani. Kriki ya Tudor, inakomwagia mito ya Kombeni na Tsalu, ina pembe za mikoko ambazo kwa miguu mnazama matopeni hadi mapajani, na plastiki imekwama humo miaka. Maji yakijaa, chelezo kinafika na kinabeba magunia mengi kuliko mabega yenu. Tazameni tu jedwali la maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu, mkichelewa saa moja mmekaa juu ya tope mkingoja maji ya usiku. Ingieni saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, tokeni yanapoanza kupwa. Kila mtu jaketi la uokozi, hata anayejigamba kwamba amezaliwa Tudor. Mwambie fundi afunge mapipa kwa fremu ya mbao, siyo kwa kamba peke yake, na mjaribu chelezo kina kifuani huku mmebeba uzito mara moja na nusu ya mtakaobeba. Mkiona lantana au lusina, mimea ya kigeni, nyuma ya mikoko, kwenye ardhi kavu, hayo mnaweza kuyang'oa mkiwa huko. Ndani ya maji ya chumvi msing'oe kitu. Nimewahi kuulizwa kama mlilana, aina mojawapo ya mikoko, ni mti wa kigeni kwa sababu mizizi yake imesimama kama misumari. Ni wetu.

Hata hivyo mimi ningeanza kwa mjomba, wala si kwa sababu ni mjomba. Visiki vyake mnavijua, mnaweza kurudi bila nauli ya hoteli, na atawapikia. Ngojeni vuli ilainishe udongo. Visiki vilivyo karibu na nyumba ng'oeni kabisa. Vya mbali ambavyo hamtavimaliza, punguzeni machipukizi mbakishe shina moja lililonyooka, linenepe, liwe kivuli na baadaye nguzo. Mti wa shina moja hauzuii njia kama kichaka.

Anzieni na ule ulio karibu na zizi. Ndio unaowalisha mbuzi, na mbuzi ndio wanaoupanda kwingine. Maganda yaliyoanguka yakusanyeni, yasagwe kinuni au mashineni kabla ya kuwalisha, kwa sababu mbegu iliyosagwa haioti. Yakilishwa mazima kila siku huharibu pia meno. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamus wa Baringo walipokwenda mahakamani juu ya mti huu, mbuzi asiye na meno alipelekwa kama ushahidi. Na kama mjomba amenunua mbuzi kutoka mahali penye mathenge, awafungie zizini wiki moja kabla hajawaachia shambani, na samadi ya wiki hiyo aichome.